Je, Wajua? Nyimbo za Kiyidi na Watu Walioziokoa

Je, wajua kwamba kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kiyidi kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10? Hii ndiyo lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Shina lake ni Kijerumani cha zama za kati, ndani yake mmejaa Kiebrania, Kiaramu na maneno ya Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa lugha hiyo watoto walibembelezwa, wachumba waliimbiana, mafundi cherehani waligoma, wafiwa waliomboleza. Wanazi waliwaua Wayahudi milioni 6, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiyidi. Ndiyo maana karibu kila wimbo wa kale wa Kiyidi unaosikika leo una mtu aliyeunusuru: aliyeuandika, aliyeuficha, aliyeurekodi, au aliyekataa tu kuusahau. Hao ndio tunaowataja leo.

Je, wajua kwamba mkusanyiko mkubwa wa kwanza wa nyimbo hizi ulichapishwa bila noti hata moja? Mwaka 1901, mjini St. Petersburg, Shaul Ginzburg na Pesach Marek walitoa kitabu chenye maneno ya nyimbo 376. Hawakuzunguka vijijini. Walitoa wito magazetini, na wasomaji wakawaandikia nyimbo walizozijua na kuzituma kwa posta. Sauti zake hazikumo, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Sauti zilianza kukamatwa mwaka 1912. Mwandishi S. An-sky alifunga safari ya kwenda Volhynia na Podolia, majimbo ya Milki ya Urusi ambayo leo yako Ukraine, akifuatana na mtunzi wa muziki Joel Engel na mpiga picha Solomon Yudovin. Walibeba fonografu. Mwimbaji aliinamia pembe ya mashine, sauti yake ikatikisa sindano, na sindano ikachonga mfereji kwenye silinda ya nta. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, na kila ilipochezwa upya ililika kidogo. Kwa hiyo kusikiliza mara nyingi kulikuwa sawa na kuharibu. An-sky aliendelea kwa majira matatu ya kiangazi, hadi vita vya mwaka 1914 vilipomkatiza.

Mtu huyohuyo aliandaa orodha ya maswali 2,087 ya kuwauliza wazee kuhusu maisha ya Myahudi kuanzia mimba hadi kaburini na hata baada ya kaburi. Hadithi alizozipata njiani zilimsaidia kuandika tamthilia ya The Dybbuk, inayohusu bibi harusi aliyeingiwa na roho ya mchumba wake aliyefariki. Alifariki Novemba 1920. Kundi la waigizaji la Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, liliipandisha tamthilia hiyo jukwaani Warsaw siku 30 baada ya kifo chake.

Je, wajua kwamba msikilizaji wa taarab anaweza kuisikia fidla ya Kiyidi kwa mara ya kwanza akadhani anaijua? Hajakosea. Klezmer, yaani muziki wa ala wa harusi za Kiyidi, hupenda sana ngazi moja ya sauti inayokaribiana na maqam Hijaz, ambayo mafundi wa taarab wa Unguja waliipokea pamoja na mapokeo ya Misri. Nafasi kati ya sauti ya pili na ya tatu huwa pana kuliko kawaida, na hapo ndipo kile kilio kinapotokea. Moldavia, ambako wapigaji wa Kiyahudi na wa Kiroma (watu ambao wengi huwaita Jipsi) walipiga pamoja, ilikuwa chini ya mamlaka ya Waosmani kwa karne kadhaa, na muziki wa Istanbul ulifika huko. Hata ala zina udugu. Tsimbl ya klezmer ni nyuzi zilizotandazwa juu ya sanduku la mbao, kama ganuni. Tofauti ni kwamba tsimbl hugongwa kwa vijiti viwili, na ganuni hudonolewa kwa vidole.

Harusi hizo zilikuwa na mtu wake maalumu, badkhn, mshairi wa papo kwa papo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumliza bibi harusi kwa beti za kumkumbusha ukubwa wa siku hiyo na wazazi waliotangulia mbele ya haki. Baadaye aliwachekesha wageni hadi usiku wa manane. Mashuhuri kuliko wote, Eliakum Zunser, alitoka Vilna akahamia New York, na huko akafungua kiwanda cha kuchapisha. Mabadkhn bado wapo: katika harusi za Wahasidi, Wayahudi washika dini, wa Brooklyn na Jerusalem utawakuta wakitunga kwa Kiyidi hadi leo.

Je, wajua kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokimbia mauaji ya Urusi ardhi ya Uasin Gishu, ambayo sasa iko Kenya? Mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kishinev yalikuwa yametokea Aprili mwaka huohuo. Ujumbe ulitumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni, waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, ukalikataa pendekezo lile. Wakimbizi wengi walielekea Marekani. Kati ya 1881 na 1924 waliingia huko Wayahudi wapatao milioni 2 kutoka Ulaya Mashariki, na ndiyo maana santuri nyingi za kale za klezmer zilirekodiwa New York.

Nani aliyeutunga wimbo maarufu wa watoto wanaojifunza alfabeti kando ya jiko, Oyfn Pripetshik, ambao wengi huudhania kuwa wa kale usio na mwenyewe? Ni Mark Warshawsky, wakili wa Kyiv. Alikuwa akiimba kwa marafiki tu, mpaka mwandishi Sholem Aleichem alipomsukuma azichapishe nyimbo zake.

Na Bei Mir Bistu Shein? Sholom Secunda na Jacob Jacobs waliutunga kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa mwaka 1932, kisha mwaka 1937 wakauza haki zake kwa dola 30. Miezi michache baadaye The Andrews Sisters waliurekodi kwa maneno ya Kiingereza, na ukavuma dunia nzima. Aliyeuona kwanza kuwa una moto ni Sammy Cahn, aliyewasikia waimbaji wawili Weusi wakiuimba kwa Kiyidi katika ukumbi wa Apollo, Harlem.

Je, wajua kwamba mtunzi mpendwa kuliko wote wa nyimbo za Kiyidi alikuwa seremala? Mordechai Gebirtig wa Kraków hakusomea muziki. Alipiga filimbi ndogo, akatafuta tuni kwa kidole kimoja kwenye piano, na marafiki wakamwandikia noti. Nyimbo zake ni za mama, za watoto watundu, za mwizi asiye na kwao, za upendo wa mtaani. Kabla ya vita, mashambulizi dhidi ya Wayahudi wa Poland yalipoanza kushika kasi, alitunga S'brent, akiulilia mji mdogo unaoteketea huku watu wamesimama wanatazama. Vita vilipofika, vijana wa magheto, mitaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, waliuimba kama wito wa kusimama na kupigana. Yeye mwenyewe alipigwa risasi katika gheto la Kraków tarehe 4 Juni 1942.

Wimbo wa S'brent una kisa kingine. Mwaka 1946 mwanasaikolojia David Boder wa Chicago alikwenda Ulaya na mashine ya kurekodi sauti kwenye waya mwembamba wa chuma, akawahoji manusura katika makazi ya wakimbizi. Huko Hénonville, Ufaransa, aliwaomba pia waimbe. Ule waya wa nyimbo ukapotea kwa miongo mingi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba umepatikana katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, ndani ya kopo lililoandikwa jina vibaya. Ilibidi mafundi waitengeneze upya mashine inayoweza kuusoma. Miongoni mwa sauti zilizosikika ni ya mwanamke akiuimba wimbo huo wa Gebirtig, aliyekuwa ameshauawa miaka minne kabla ya rekodi ile.

Je, wajua kwamba tuni ya mojawapo ya nyimbo zinazoimbwa zaidi kuwakumbuka waliouawa ilitungwa na mtoto wa miaka 11? Alexander Volkoviski aliitunga ndani ya gheto la Vilna, na Shmerke Kaczerginski akaiwekea maneno ya Kiyidi. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto, na unaizungumzia Ponar, msitu wa nje ya mji ambako Wayahudi wa Vilna walikuwa wakipelekwa kupigwa risasi. Mtoto yule alinusurika, na akaja kuwa mpiga piano Jerusalem kwa jina la Alexander Tamir.

Kaczerginski anastahili aya yake mwenyewe. Wajerumani walimlazimisha yeye, mshairi Abraham Sutzkever na wenzao kuchambua vitabu na nyaraka za YIVO, taasisi ya utafiti wa utamaduni wa Kiyidi iliyoanzishwa mwaka 1925. Vichache vingepelekwa Ujerumani, vingi vingesagwa viwandani. Kila jioni walirudi gheto wakiwa wameficha karatasi chini ya nguo zao. Kukamatwa kulimaanisha kifo. Vita vilipokwisha alizunguka miongoni mwa manusura akiandika walichokuwa wakiimba kwenye magheto na makambi, na mwaka 1948 kitabu kikatoka New York. Nyimbo nyingi zilizomo zilikuwa hazijawahi kuandikwa popote. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Argentina mwaka 1954. Mimi sijui kazi ya uhifadhi iliyofanywa kwa gharama kubwa kuliko hiyo.

Kiangazi cha mwaka huohuo wa 1948, Hotel Marseilles mjini New York ilikuwa imejaa wakimbizi waliofika kutoka Ulaya. Ben Stonehill, ambaye hakuwa mtafiti wa chuo chochote, aliingia ukumbini na mashine ya waya, akawakaribisha waimbe. Aliondoka na nyimbo zaidi ya 1,000. Ukisikiliza rekodi zile unasikia watu wakikohoa, watoto wakisukumana wasikike, mtu akimsahihisha mwimbaji ubeti. Kwangu mimi fujo hiyo ina thamani kuliko ukimya wa studio, kwa sababu inaonyesha nyimbo zilivyokuwa kati ya watu.

Je, wajua kwamba Paul Robeson, mwimbaji Mwafrika-Mmarekani mwenye sauti nzito, alijifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930? Mtu huyo aliyependa lugha aliimba pia Kiyidi. Juni 1949 alikuwa Moscow. Rafiki yake, mwigizaji Solomon Mikhoels, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia kwa amri ya Stalin. Rafiki mwingine, mshairi Itzik Fefer, alikuwa kizuizini. Alitolewa akutane na mgeni, kisha akarudishwa. Katika tamasha lake Robeson alimtaja Mikhoels waziwazi mbele ya umma, akaimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji wa msituni ambao Hirsh Glick aliuandika katika gheto la Vilna mwaka 1943. Rekodi ya sauti yake jukwaani ipo. Fefer aliuawa tarehe 12 Agosti 1952 pamoja na wenzake, wakiwemo waandishi wakubwa wa Kiyidi.

Kwa hiyo si Wanazi peke yao waliokinyamazisha Kiyidi. Mtazame Moisei Beregovsky wa Kyiv. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 mtaalamu huyu wa muziki alikusanya kila aina: nyimbo za wafanyakazi, tuni za Kihasidi zisizo na maneno, michezo ya sikukuu ya Purimu, muziki wa harusi. Vita vilipokuwa vinaelekea ukingoni alirudi kwenye maeneo ya magheto ya Ukraine kurekodi walichotunga waliobaki. Kisha utawala wa Kisovieti ukaifunga taasisi yake, na mwaka 1950 ukamkamata. Alipelekwa kambi ya kazi ngumu Siberia. Aliachiwa mwaka 1955, akarudi Kyiv kuendelea kupanga kazi yake, akafariki mwaka 1961. Silinda za nta alizotumia kurekodi zilidhaniwa zimeangamia.

Hazikuangamia. Katika miaka ya 1990 ilijulikana kwamba zimekaa muda wote katika Maktaba ya Taifa ya Vernadsky, hapohapo Kyiv: silinda zaidi ya 1,000, zikiwemo za An-sky na Engel. Mafundi wa Ukraine walibuni njia ya kuzisoma na kuzigeuza kuwa za kidijitali. Mwaka 2005 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Katika maktaba hiyohiyo yalikuwemo masanduku ya karatasi za nyimbo zilizotungwa wakati wa vita na askari, wanawake na watoto, mmoja wao akiwa na miaka 10. Nyingi hazikuwa na tuni. Mwanahistoria Anna Shternshis wa Chuo Kikuu cha Toronto na mwanamuziki Psoy Korolenko walizichambua, wakazitafutia tuni za zama zile, na mwaka 2018 ikatoka albamu Yiddish Glory. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Baadhi ya maneno yale hayakuwa yameimbwa hadharani kwa miaka 70.

Je, wajua kwamba baadhi ya tuni za Kiyahudi zilihifadhiwa na Waroma? Huko Máramaros, mpakani mwa Romania na Ukraine, Wayahudi waliwaita wapigaji wa Kiroma kwenye harusi zao. Wayahudi wakachukuliwa na kuuawa. Wapigaji wazee wachache, Waroma nao wakiwa wamewindwa na Wanazi, waliendelea kuzikumbuka zile tuni ingawa hakukuwa tena na mtu wa kuwaita. Bendi ya Muzsikás ya Hungaria iliwatafuta, ikajifunza kwao na kurekodi nao albamu iliyotoka mwaka 1993.

Wahasidi wana simulizi yao pia. Wanasema Rabi wa Kalov, aliyeishi Hungaria na kufariki mwaka 1821, alimsikia mchungaji akiimba wimbo wa mapenzi, akaununua kwa fedha. Tangu siku hiyo, wasema, mchungaji akausahau na rabi akaujua. Wafuasi wake huuimba mpaka leo kama wimbo wa kuitamani Jerusalem.

Kwa kuwa sheria ya dini ya Wayahudi wanaoishika dini kikamilifu haimruhusu mwanamke kuimba mbele ya wanaume wasio wa nyumbani kwake, hazina kubwa ya nyimbo ndefu za visa na mapenzi ilikuwa ya wanawake, ikipita jikoni na kwenye vyumba vya kushonea. Ruth Rubin alilielewa hilo. Kuanzia miaka ya 1940 aliwarekodi wahamiaji wa New York na Kanada, wengi wao wakiwa akina mama wa kawaida. Lifshe Schaechter-Widman alikuwa mmoja wa waimbaji wa aina hiyo, aliyerekodiwa mwaka 1954. Binti yake, Beyle Schaechter-Gottesman, alitunga nyimbo mpya za Kiyidi akiwa Bronx, na mwaka 2005 Marekani ikampa heshima yake ya juu kwa wasanii wa jadi.

Je, wajua kwamba mama mkwe wa Woody Guthrie, mwimbaji mkubwa wa Marekani, alikuwa mshairi wa Kiyidi? Jina lake ni Aliza Greenblatt. Guthrie aliishi jirani naye Coney Island, akaandika mashairi ya sikukuu ya Hanuka ambayo hayakuwa na muziki. Bendi ya The Klezmatics iliyatungia muziki mashairi yake ya aina hiyo na mengine, na albamu yao Wonder Wheel ikashinda Grammy mwaka 2007.

Kuzinduka kwa klezmer kulianza miaka ya 1970, wakati vijana wa Kiyahudi wa Marekani walikuwa wakijifunza muziki wa kila mtu isipokuwa wa nyumbani kwao. Henry Sapoznik alikuwa mpiga banjo. Mwenyewe amesimulia kwamba alikwenda North Carolina kujifunza kwa mzee Tommy Jarrell, na mzee akamwuliza kama watu wake hawana muziki wao. Alirudi New York kuutafuta. Mwaka 1985 alianzisha KlezKamp, wiki ya mafunzo ambako wazee na vijana walikaa pamoja kila Desemba hadi 2014. Andy Statman na Zev Feldman walimwendea Dave Tarras, bingwa wa klarineti aliyezaliwa Ukraine mwaka 1897 na aliyekuwa karibu kusahaulika. Mwaka 1984 Tarras naye alipewa ile heshima ya kitaifa.

German Goldenshteyn alifika Brooklyn mwaka 1994 kutoka Moldova na daftari za tuni zaidi ya 800 alizoziandika kwa mkono. Yatima wa vita aliyepata elimu ya muziki katika bendi ya jeshi, aliwafundisha Wamarekani mpaka alipofariki mwaka 2006.

Je, wajua kwamba Kiyidi ni moja ya lugha za walio wachache zinazotambuliwa rasmi Uswidi? Na kwamba Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi la Kraków lilianzishwa mwaka 1988 na vijana wawili wa Poland ambao si Wayahudi?

Na wanaokisema Kiyidi nyumbani kila siku ni nani leo? Kwa sehemu kubwa ni Wahasidi: Brooklyn, Antwerp, London, Jerusalem. Familia zao ni kubwa, na watoto wao huanza kusema kwa Kiyidi. Wengi wao hawahudhurii matamasha ya klezmer, na wengi wa wanaohudhuria hawakizungumzi Kiyidi nyumbani. Ni pengo la kweli, na linaniuma, kwa sababu upande mmoja una lugha hai na mwingine una nyimbo ambazo upande wa kwanza umeziacha. Wachache wanaovuka pengo hilo ndio ninaowatazamia zaidi.

Kwa anayetaka kusikia, nyimbo alizozirekodi Stonehill pale hotelini na zile za Ruth Rubin zipo kwenye intaneti, bila malipo. Pia kuna mradi wa Klezmer Institute unaowagawia watu wa kujitolea duniani kote kurasa za daftari za kale za maktaba ya Kyiv, wazinakili noti zake kwenye kompyuta. Miongoni mwake zimo tuni za Avram-Yehoshua Makonovetsky, mpiga fidla wa harusi wa mji wa Khabno, mji uliohamwa baada ya mlipuko wa Chernobyl. Anayejua kusoma noti anaweza kujiunga, awe Warsaw, Tokyo au Mombasa.